Vijana wanane na chenso moja: wapi pa kuanzia kufundisha watunza miti ya barabarani

Swali: "Mji wetu, mashariki mwa Uganda, umeajiri vijana wanane wa kutunza miti ya barabarani. Mpaka sasa walikuwa wakifyeka nyasi. Tuna chenso (msumeno wa injini) moja, ngazi ya alumini na mapanga. Mhandisi anataka waanze mara moja kuipunguza mijakaranda mikubwa ya barabara kuu kabla ya mvua za Machi. Nianzie wapi? Nitajuaje kwamba kijana yuko tayari kupanda juu ya mti? Na fedha iliyobaki inatosha chenso ya pili: ninunue?" (Afisa mazingira)

Jibu:

Ndugu yetu, anza kwa kuifungia hiyo chenso stoo, na ikae humo miezi mitatu. Haraka ya mhandisi inaeleweka, kwa sababu mvua za kwanza baada ya kiangazi huja na upepo mkali na matawi hudondoka kweli. Lakini mtu asiyejua kuusoma mti akipewa mashine, ataharibu kwa dakika tano kilichoota kwa miaka hamsini. Katika mijakaranda ile, matawi yaliyokauka na yaliyopasuka ndiyo yaondolewe sasa, na wakataji wenye uzoefu, wewe mwenyewe ukiwa pale. Mengine yote yangoje. Kijana afike kwenye mti mkubwa akiwa ameshakata mamia ya matawi madogo kwa mkono, na ameona kwa macho yake yapi yalifunga kidonda na yapi yalioza.

Wiki mbili za kwanza hazihitaji msumeno wowote. Mpe kila kijana mtaa wake, daftari, na futi ya fundi cherehani. Kila mti auandikie aina yake, mzingo wa shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, urefu wa mti, nyaya zilizo juu, lami au zege iliyo chini, na vidonda vyote anavyoviona. Mzingo ukigawanywa kwa 3.14 unapata kipenyo: shina lenye mzingo wa sentimita 157 lina kipenyo cha sentimita 50. Zidisha kipenyo hicho kwa 12 upate mita 6, na huo ndio umbali kutoka shinani ambao ndani yake mtaro usichimbwe, mchanga usirundikwe wala lori lisiegeshwe. Hesabu hii ndogo itawasaidia siku mkandarasi wa barabara atakapofika na katapila, kwa kuwa mizizi mingi inayolisha mti imo katika nusu mita ya juu ya udongo. Ikikatwa, mti haufi siku hiyo. Hukauka kuanzia nchani miaka miwili au mitatu baadaye, na wakati huo hakuna anayekumbuka mtaro.

Urefu hupimwa kwa kijiti. Kijana ananyoosha mkono, anashika kijiti kikiwa wima, na sehemu iliyo juu ya ngumi iwe sawa na umbali wa kutoka ngumi hadi jicho. Anarudi nyuma mpaka ngumi ilingane na kitako cha mti na ncha ya kijiti ilingane na kilele. Alipofika, umbali wake hadi kwenye mti ndio urefu wa mti. Kwenye ardhi tambarare kosa lake ni dogo, na kwa kazi ya kupanga eneo la kuangushia matawi linavumilika.

Wafundishe kuusoma mti kuanzia chini kwenda juu, maana wanaoanza hutazama matawi tu. Kitako cha shina lazima kionekane kikipanuka kuwa mizizi. Shina likiingia ardhini moja kwa moja, basi mti ulipandwa kwenye shimo lenye kina kupita kiasi au umemwagiwa udongo wakati wa kutengeneza barabara, na gome lililofukiwa linaoza polepole. Uyoga mgumu uliojishika kwenye kitako ni dalili kwamba mizizi au sehemu ya chini ya shina imeanza kuoza ndani, hata kama majani juu ni ya kijani. Ufa kwenye udongo upande mmoja wa mti ulioanza kuinama karibuni ni jambo la siku hiyohiyo: zuia njia, piga simu. Kisha wagonge shina kwa nyundo ya mbao, wakizunguka na kupanda kidogo kidogo. Mti mzima hutoa mlio mfupi, ulio mtupu hutoa mlio mzito unaorudi. Penye tundu, ingiza ufito wa chuma upime unene wa mbao nzima iliyobaki. Kipimo kinachotumika sana ni theluthi moja ya nusu-kipenyo: shina la sentimita 60 likiwa na ukuta mzima chini ya sentimita 10 hivi kuzunguka pande zote, liitie mtu aliyebobea kabla hujaruhusu yeyote kulipanda. Tundu likiwa wazi upande mmoja, usingoje hata lifike hapo.

Katika miji yetu kuna vidonda visivyotajwa sana vitabuni. Mwarobaini na mugavu huchunwa magome kwa ajili ya dawa, na gome likichunwa shina zima mzunguko kamili, mti huo hauna njia ya kupeleka chakula mizizini. Takataka huchomwa shinani. Misumari ya mabango, sehemu za kuoshea magari zinazomwaga oili kwenye mizizi, zege lililomiminwa hadi kwenye gome: yote haya yaingie daftarini, na kijana aseme ni lipi linaweza kuondolewa bila kukata kitu. Mara nyingi, kubomoa duara la zege la mita moja na nusu kuuzunguka mti kunauponya kuliko kupunguza matawi.

Kuanzia wiki ya tatu, wape misumeno ya mkono na mikasi ya kupogolea, na wapeleke kwenye miti michanga iliyopandwa miaka mitano iliyopita au chini ya hapo. Hapo ndipo darasa lenyewe lilipo. Kosa kwenye tawi la sentimita 2 mti utalifunika kwa msimu mmoja au miwili, na kazi ya dakika tano leo inazuia kazi ya kreni baada ya miaka ishirini. Wanachotafuta ni ncha moja kuu. Mashina mawili yakishindana, moja lipunguzwe au liondolewe likiwa bado jembamba. Tawi la pembeni lisiruhusiwe kunenepa kupita nusu ya shina pale linapotokea. Miti ya mvule iliyotoka kitaluni iangalieni sana kwa jambo hili, kwa sababu kuna mdudu anayeifanya miche kuota vivimbe kwenye majani na machipukizi. Ncha inakufa, na mti unatoa ncha tatu nne badala ya moja.

Panda (pale shina linapogawanyika) lenye umbo la V nyembamba ndilo linaloua watu barabarani. Mfundishe kijana kusogea karibu na kutazama mstari ulio kati ya mashina mawili. Gome likiwa limesukumwa nje na kufanya tuta dogo, mbao zimeungana ndani. Mstari ukiwa umezama, gome la pande zote mbili limebanwa katikati na hakuna mbao zinazoshikana. Kila mwaka mashina yananenepa na kusukumana, mpaka siku ya upepo yapasuke kati. Katika mti mchanga tatizo hili hutatuliwa kwa mkasi.

Matawi ya chini msiyaondoe yote kwa pamoja ili mti "uwe msafi". Theluthi mbili za urefu wa mti mchanga ziwe na matawi hai, kwa kuwa matawi ya chini ndiyo yanayonenepesha shina. Mti uliovuliwa mpaka kileleni huwa mrefu na mwembamba, huyumba na huvunjika. Inueni kidogo kidogo mwaka hadi mwaka mpaka mfikie mita 2.5 juu ya njia ya miguu na mita 5 hivi juu ya barabara inayopita malori. Na kwa mwaka mmoja, msitoe zaidi ya robo ya majani yote ya mti. Mti mzee au uliochoka, hata sehemu ya kumi inatosha.

Sasa mkato wenyewe. Hapa usikubali makadirio. Pale tawi linapotoka shinani kuna uvimbe, wakati mwingine mkubwa, wakati mwingine wa kuhisi kwa vidole tu. Uvimbe huo ni mali ya shina, si ya tawi, na ndani yake mti hujenga kizuizi kinachozuia kuoza kusiingie. Mmarekani Alex Shigo, aliyepasua maelfu ya miti kuchunguza jambo hili, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mti hauponi kama ngozi yetu. Hauirudishii uhai mbao iliyoumia, bali huizingira kwa kuta na kuota mbao mpya juu yake. Kazi ya mkataji ni kuuachia mti kuta zake.

Tawi lolote linalozidi unene wa mkono wa mtoto hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza ni wa kutoka chini, sentimita 30 kutoka shinani, ukiingia robo au theluthi ya unene. Wa pili ni wa kutoka juu, sentimita 5 hadi 10 mbele zaidi ya ule wa kwanza. Tawi linaanguka, na likichanika, mchaniko unaishia kwenye mkato wa chini. Mkato wa tatu unaondoa kigutu kilichobaki: msumeno uanze nje kidogo ya tuta la gome lililo juu ya panda, uteremke nje ya uvimbe, na uishie pale uvimbe unapokutana na tawi chini. Mstari huo mara nyingi huinama, haulingani na shina. Anayekata mara moja tu kutoka juu, uzito wa tawi hulivuta na kuchuna gome la shina hadi mita moja chini. Tawi likiwa limekufa, uvimbe hai huwa umetambaa juu yake. Kata nje ya hiyo mbao hai hata kama kigutu kitaonekana kirefu. Na mnapofupisha tawi badala ya kuliondoa, ishieni kwenye tawi dogo lenye angalau theluthi ya unene wa lile linalokatwa: tawi la sentimita 9 lifupishwe penye tawi la sentimita 3 au zaidi, ili kuwe na majani ya kulilisha.

Baada ya hapo msipake kitu. Rangi, oili chafu ya injini, kinyesi cha ng'ombe, udongo, vyote huhifadhi unyevu na havizuii kuoza.

Mtihani wa kazi hii upo kwenye mti wenyewe, na ni mtihani usiodanganyika. Kila kijana aandike mikato yake: namba ya mti, tawi la upande gani, tarehe. Baada ya miezi kumi na miwili rudini wote pamoja. Kidonda kilichozungukwa na mdomo wa gome jipya pande zote kilikatwa vizuri. Mdomo ukiota kulia na kushoto tu, juu na chini pakabaki wazi, msumeno uliingia ndani ya uvimbe. Kigutu kilichokauka, kimepasuka, mdomo mpya umekwama chini yake: kilikatwa mbali mno. Kijana akisomewa mikato yake mwenyewe mbele ya wenzake, bila kukaripiwa, hubadilika kuliko kwa somo lolote la ubaoni.

Utaombwa mara nyingi mkate vichwa vya miti, na pengine mhandisi alipoandika "kupunguza" alikuwa na hilo akilini. Kataa, na ueleze kwa maandishi. Mjakaranda uliokatwa kichwa hutoa fimbo nyingi zilizonyooka kwenda juu, na kila fimbo imeshikwa na mbao za nje tu za tawi la zamani, ambalo wakati huohuo linaoza kutoka juu. Miaka michache baadaye fimbo hizo zina unene wa paja, zimeshikilia mbao iliyooza, na ziko juu ya barabara ileile. Gharama inarudi, hatari inaongezeka. Mgrevilea huvumilia kukatwa hivyo shambani, lakini huko hakuna taksi inayoegeshwa chini yake.

Upandaji wa miche nitaupitia haraka kwa sababu vijana wengi wameshauona. Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya kiriba (mfuko wa mche), lakini kina chake kisizidi kina cha kiriba, ili kitako kibaki juu usoni pa udongo. Kiriba kiondolewe chote, na mizizi iliyozunguka ndani ikatwe kwa kisu pande tatu nne, la sivyo itaendelea kuzunguka mpaka inyonge shina. Kwenye murami (udongo wa changarawe wa barabara) iliyoshindiliwa, vunjeni kuta za shimo kwa sururu. Matandazo ya sentimita 7 hadi 10, yasiguse gome. Vigingi viwili, ufungaji uwe theluthi ya chini ya shina kwa mpira wa tairi ya ndani, na vyote viondolewe baada ya mwaka. Maji ni jerikeni moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki katika kiangazi cha kwanza. Jerikeni kuukuu yenye tundu dogo chini, ikiwekwa kando ya mti, hupenyeza maji polepole bila kutiririka mtaroni. Kikosi kihesabiwe kwa miti iliyo hai baada ya viangazi viwili, kamwe si kwa miche iliyotiwa ardhini siku ya sherehe. Chini ya nyaya pandeni mti usiozidi mita 6 ukikomaa. Kuweka musizi, mti unaorefuka sana, hapo ni kununua ugomvi na shirika la umeme kwa miaka yote.

Mwezi wa nne, kamba. Hapa swali lako la pili linahitaji jibu refu, kwa sababu watu wanakufa hapa.

Wakataji wengi wa mitaani hupanda peku, panga kiunoni, kamba ya kufungia mizigo mkononi. Mizani ya miili yao ni ya kuheshimiwa, lakini usiwafanye walimu, maana vijana wataiga na ile sehemu itakayowaua. Kijana wako atahitaji kamba ya wapanda miti ya milimita 11 hadi 13, angalau mita 45. Hanesi ya kukalia. Kamba fupi ya pili ya kujifunga shinani, mita 3 hadi 5. Karabina zinazojifunga zenyewe. Kamba ya fundo ya milimita 10. Mfuko wa kurushia wa gramu 300 hivi na uzi wake. Na helmeti yenye mkanda wa kidevuni. Kamba ya katani au ya nailoni ya sokoni haingii kwenye orodha hii hata kama ni mpya.

Wiki tatu za kwanza hakuna anayepanda. Fungeni boriti mita moja na nusu kutoka ardhini, kila mmoja afunge mafundo yake mpaka ayafunge akiwa amefumbwa macho, akitingishwa, na mikono imelowa. Kisha mita 4, kwenye mti wenye mbao ngumu na afya njema. Usichague kifabakazi wala musizi, mbao zao ni laini. Nanga ya kamba iwe mbao hai yenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, karibu na shina. Kamba isilegee zaidi ya nusu mita, ili akiteleza aning'inie tu, asianguke. Viatu vya misumari ni vya mti unaokatwa kabisa. Kwenye mti unaobaki kila hatua ni kidonda.

Kabla ya mkato wa kwanza juu ya mti, wafanye zoezi la uokoaji. Jaza gunia mchanga wa kilo 70, lifunge kwenye hanesi juu ya mti, na mwenzake apande alishushe. Mtu anayening'inia bila kusogea kwenye hanesi, hata bila jeraha, damu hukwama miguuni na anaweza kuzimia baada ya dakika chache. Gari la zimamoto halitafika kwa muda huo. Ndiyo maana katika kila kazi wawe wapandaji wawili, wa pili akiwa chini amevaa vifaa vyake tayari. Wakiwa na mpandaji mmoja tu siku hiyo, siku hiyo ni ya miti michanga.

Basi, yupi yuko tayari? Yule anayekagua kamba yake bila kuambiwa. Yule anayeweza kusimama chini ya mti na kukutajia nanga yake, njia yake ya kupanda, tawi atakalokata, litaangukia wapi, na atashukaje mambo yakiharibika. Na zaidi ya yote, yule aliyewahi kukuambia "huu sipandi" akatoa sababu. Kijana shupavu asiyejua kukataa mweke chini ashike kamba za kushushia matawi mpaka atulie. Kuna kazi nyingi ya heshima chini ya mti, na mshika kamba mzuri ni adimu kuliko mpandaji. Aliyelala na waragi, pombe kali, hagusi kifaa siku hiyo. Mvua, radi, gome lililolowa, upepo unaoyumbisha matawi makubwa: wote chini.

Nyuki wanastahili aya yao. Kabla ya kupanda, kijana asimame dakika tano akitazama kila tundu la shina. Nyuki wakiingia na kutoka, kazi inaahirishwa, anaitwa mfugaji nyuki aje jioni awahamishe. Nyuki wetu wakichokozwa na mlio wa msumeno humfuata mtu kwa mamia, na aliyefungwa kamba mita 10 juu hawezi kukimbia. Kwenye miti ya kaloli (ndege wakubwa aina ya korongo) pia, tazameni kama kuna makinda. Msikate chini ya kiota chenye makinda, subirini waruke.

Umeme. Nyaya za usambazaji Uganda ni za volti 11,000 na 33,000, pamoja na zile za volti 240 na 415 zinazoingia majumbani, na zote zinaua. Mtu, kifaa chake, wala tawi analolikata visikaribie nyaya kubwa chini ya mita 3, kwa sababu umeme huo huruka hewani, na tawi bichi huupitisha. Ngazi yako ya alumini isitoke stoo kabisa kwenye mtaa wenye nyaya. Mti ukiwa ndani ya umbali huo, andika barua kwa UEDCL, shirika la serikali la kusambaza umeme, ambao tangu Aprili 2025 ndio wanaosimamia nyaya nyingi zilizokuwa chini ya kampuni ya Umeme, waje wazime, waunganishe ardhini, na wakupe uthibitisho wa maandishi pale pale mtini. Giza la mgao si uthibitisho: umeme unarudi bila taarifa, na jenereta ya duka iliyounganishwa vibaya hurudisha umeme kwenye nyaya zilizozimwa.

Chini ya mti nako kupangwe. Eneo lililozuiwa liwe mara mbili ya urefu wa tawi kubwa litakaloshushwa, kuzunguka pande zote. Mwenyekiti wa steji ya boda na wauza rolexi (chapati za mayai) waambiwe jana yake, uso kwa uso, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ajue; wakishirikishwa ndio watakaowazuia wapita njia. Jumapili alfajiri ni saa nzuri. Katika kikosi chenye Mgisu, Mteso, Mganda na Mjopadhola, amri ziwe za Kiswahili, chache, zilezile kila siku: aliye juu anaita "Chini!", aliye chini anatazama kwanza kisha anajibu "Wazi!". Bila "Wazi!" msumeno hausogei. Neno "Simama!" linaweza kutolewa na yeyote, hata anayefagia, na wote wanasimama bila kuuliza.

Chenso itoke stoo sasa, na ianzie chini, kwenye magogo yaliyokwisha anguka. Mikono yote miwili, kamwe isipite mabega, kamwe juu ya ngazi. Robo ya juu ya ncha ya bapa linalobeba mnyororo ikigusa mbao, mashine hurushwa kuelekea uso wa mtu kabla hajafumba macho. Mwonyeshe sehemu hiyo kwa kuipaka rangi nyekundu. Suruali yenye nyuzi za kuzuia mnyororo, kinga ya macho na masikio, glavu, buti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri ndiye avitoe. Petroli na oili ya injini za mipigo miwili (two-stroke) kwa kipimo cha 50 kwa 1 ni mililita 100 kwa lita 5, isipokuwa kitabu cha mashine kiseme vingine. Oili ikipungua, pistoni huchubuka na mashine imekwisha. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mbao, butu hutoa unga, na unga ukionekana kazi isimame, kwa sababu kijana ataanza kuisukuma na hapo ndipo inapomponyoka. Chenso ndogo nyingi hutaka tupa ya duara ya milimita 4, za kati 4.8 au 5.2, pembe ya nyuzi 30, misuguo sawa kwa kila jino. Wa kukata kwa chenso juu ya mti awe amejifunga kwa kamba mbili. Hilo lingoje mwaka wa pili; kwa mwaka wa kwanza, msumeno wa mkono wenye meno makali unatosha matawi mengi ya sentimita 10 na zaidi kidogo.

Kwa miezi sita, katika vijana wanane, tarajia wote wajue kusoma mti na kupogoa miti michanga, wanne wawe washika kamba wa kutegemewa, na wawili au watatu wapande bila kukutia hofu. Cheti cha chama cha kimataifa cha wataalamu wa miti, ISA, hutaka takriban miaka mitatu ya kazi kabla ya mtihani, na muda huo hautokani na urasimu. Chuo cha misitu cha Nyabyeya, Masindi, hutoa msingi mzuri wa elimu ya miti, na ukiweza kumpeleka mmoja huko fanya hivyo. Mambo ya nyaya, lami na kamba mtayafundishana kazini.

Na fedha iliyobaki: usinunue chenso ya pili. Nunua seti ya pili kamili ya kupandia, ambayo ndiyo ya uokoaji, misumeno minane ya mkono, mikasi minane, na sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji kubwa za kukandamiza damu. Zikibaki shilingi, tupa za kunolea.